Tisa Nukta Nane au Kumi? Historia ya Ubishi wa Baada ya Pepa la Fizikia

Pepa la Fizikia lina sehemu moja ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya maswali. Msimamizi akishakusanya majibu, akayahesabu na kuyafunga kwenye bahasha, watahiniwa wanatoka nje, na hapo hapo pepa la pili linaanza. "Swali la saba umepata ngapi?" "Slopu yako imesoma ngapi?" "Greviti wewe umetumia tisa nukta nane au kumi?" Yupo anayetaja majibu yake yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho, utadhani anasoma risala. Yupo anayeziba masikio na kuondoka zake, maana kesho kuna Kemia na presha hazitaki. Na yupo yule kichwa wa darasa, amesimama katikati, watu wanamsogelea kama wagonjwa wanaosubiri kusomewa vipimo.

Pale Hedaru, nilikokulia, pepa hili la pili hufanyika chini ya mwarobaini. Ni mwezi wa kumi au wa kumi na moja, jua la tambarare halina masihara. Milima ya Upare Kusini iko juu yetu na mawingu yake, mvua inaishia huko huko, sisi huku chini tunabaki na vumbi na malori ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya mbuzi. Basi ukitaka kuona utani huo una chembe ya ukweli, wasikilize vijana wawili waliopata majibu tofauti kwenye swali la alama mbili. Hakuna anayeshuka.

Na si ubishi wa kupoteza muda tu. Kwa mtoto wa shule ya kata, herufi moja kwenye Fizikia ndiyo inayoamua kama ataendelea na PCM au PCB, ataomba chuo cha ufundi, au atapanda mlimani kusaidia shamba la tangawizi la wazazi. Kwa hiyo mtu anapokuuliza "umepata ngapi?", swali lenyewe hasa ni: "maisha yangu yamesimamaje?"

Katika makala haya nataka tuufuatilie ubishi huo kihistoria. Kila zama zilikuwa na mtu au ofisi iliyoshika jibu. Hoja yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia yetu jibu limekaa mbali sana na waliolijibu, na kwamba zile dakika arobaini chini ya mwarobaini ziko karibu zaidi na fizikia yenyewe kuliko yale masaa matatu ya ukumbini.

Jibu lilipokaa Uingereza

Watahiniwa wa kwanza wa cheti cha sekondari cha Cambridge hapa Tanganyika walifanya mtihani mwaka 1947. Wale wa ngazi ya juu, tunayoiita sasa kidato cha sita, wakafuata mwaka 1960. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yalirudi kusahihishwa huko huko. Kijana aliyemaliza pepa Tanga au Tabora aliweza kubishana na wenzake wiki nzima, lakini mwamuzi alikuwa mtu ambaye hatamwona maishani, kwenye mji ambao pengine hataufika.

Vitabu navyo vilitoka huko. Kizazi cha wazazi wetu kitakutajia Abbott kwa kidato cha nne na Nelkon kwa kidato cha sita kama watu wengine wanavyotaja majina ya wajomba zao. Na humo ndani mchapuko wa greviti uliandikwa 9.81, au 9.8 ukiondoa mbwembwe.

Hapo ndipo pananivutia. Namba hiyo, 9.81 mita kwa sekunde ya mraba, ni sahihi kabisa. Ni sahihi kwa Cambridge. Dunia si duara kamili, imetanuka kidogo kiunoni na imebonyea kwenye ncha, tena inazunguka. Mambo hayo mawili yanafanya vitu vivutwe kidogo pungufu karibu na Ikweta. Ukipiga hesabu kwa latitudo ya Cambridge, nyuzi 52 kaskazini, unapata 9.81. Ukipiga kwa Hedaru, nyuzi nne na nusu hivi kusini mwa Ikweta, ukapunguza kidogo kwa sababu tuko mita mia kadhaa juu ya usawa wa bahari, unapata 9.78.

Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa Hedaru mwenye mikono mitulivu kuliko wote duniani, akifanya jaribio la pendulamu (ule uzi wenye kijiwe unaouachia ubembee) bila kosa hata moja, anatakiwa apate namba tofauti na ya kitabuni. Na akitoka nje kulinganisha na wenzake, kichwa wa darasa atamwambia amekosea.

Sitaki kutia chumvi hapa. Tofauti yenyewe ni sehemu tatu kwa elfu. Chukua uzi wa mita moja, uache ubembee mara ishirini kwenda na kurudi. Cambridge utapata sekunde 40.12, Hedaru sekunde 40.18. Pengo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakati kidole cha binadamu kwenye stopwachi kinachelewa zaidi ya hapo. Hakuna mtahiniwa aliyewahi kufeli kwa sababu ya umbo la dunia. Lakini kimsingi jambo lipo, na lilishawahi kuleta ubishi mkubwa kuliko wetu.

Mwaka 1672 Jean Richer, Mfaransa, alitumwa na Chuo cha Sayansi cha Paris kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, kupima nyota. Cayenne iko nyuzi tano hivi kaskazini mwa Ikweta. Ukikunja ramani kwenye Ikweta inakaribia kuangukia latitudo ya Hedaru. Richer alikuwa na saa ya pendulamu iliyorekebishwa vizuri Paris. Kule ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku, na ili iende sawa alilazimika kuufupisha ule mtambaazi wake kwa karibu milimita tatu. Aliporudi na majibu yake, baadhi ya wakubwa wa Paris hawakushawishika mara moja: labda joto la kule limerefusha chuma, labda alipima vibaya. Ilikuwa mpaka Newton, kwenye kitabu chake cha 1687, alipoyachukua majibu hayo kama ushahidi kwamba dunia imetanuka kiunoni.

Angalia kilichotokea. Watu wawili walipima kitu kimoja sehemu mbili, wakapata majibu mawili, na wote walikuwa sahihi. Kama mmoja angesema tu "mimi ndiye Paris, futa la kwako", fizikia ingekosa jambo kubwa. Chini ya mwarobaini mara nyingi tunafanya hivyo hivyo: tunatafuta Paris yetu ni nani, tunafuta yaliyobaki.

Safari ya jibu kurudi nyumbani

Baada ya uhuru, jibu lilianza kusogea. Kuanzia 1968 Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na mitihani ya pamoja chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, mitihani ikashikwa kwa muda na Wizara, na mwaka 1973 Bunge likapitisha Sheria Namba 21 iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA tunayoijua. Azimio la Musoma la 1974 lilikuja na wazo kwamba pepa moja la mwisho halitoshi kumpima kijana, na kuanzia 1976 kazi za mwanafunzi za miaka yote zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho.

Hiyo ni hatua kubwa kuliko tunavyoipa heshima. Ndani ya miaka isiyozidi mitano, nchi iliyokuwa na wahitimu wachache sana wa sayansi iliamua kwamba wanaojua jibu sahihi la Fizikia wako hapa hapa. Walimu wa shule zetu wakawa ndio wanaokaa kusahihisha. Mwalimu wako wa Fizikia akipotea mwezi mzima mwisho wa mwaka, ulijua kaitwa "kumaki".

Ila kitu kimoja hakikuhama: lugha. Swali liliendelea kuulizwa kwa Kiingereza na linaulizwa hivyo mpaka leo, huku ubishi wa nje ukiwa wa Kiswahili, na kwetu sisi na Chasu ndani yake watu wakipandisha jazba. Nimewahi kusikia mjadala mrefu wa swali la msuguano ambao ukiusikiliza vizuri wala haukuwa wa Fizikia. Mmoja alielewa swali linauliza kani ya kulianzisha sanduku, mwenzake alielewa ni ya kulifanya liendelee kwenda. Majibu yao yote mawili yalikuwa sahihi kwa swali ambalo kila mmoja alilisoma. Ukumbini kila mtu alikuwa peke yake na Kiingereza chake. Kilipogeuzwa Kiswahili huko nje ndipo ilipojulikana swali lilikuwa linasema nini, na kwa wakati huo bahasha iko njiani kwenda kwenye gari la polisi.

Kijana wa mlima wa pili

Huwezi kuandika habari za majibu yanayobishaniwa bila kumtaja Erasto Mpemba, na kwetu si mtu wa mbali. Ukitoka Hedaru kwa barabara kuelekea Mombo, Upare unakwisha na Usambara inaanza kushika mkono wa kushoto. Ukipanda pale Mombo unafika Lushoto, na mbele yake ni Magamba. Hapo, Shule ya Sekondari Magamba, mwaka 1963, Mpemba akiwa kidato cha tatu, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe ndipo wakayaweka kwenye friji.

Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa finyu na watu wanagombania. Mwenzake mmoja akaona kuchemsha ni kujichelewesha, akaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi wakafungua: ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Hebu tulione jambo hili kwa jicho la makala haya. Ni vijana wawili wanalinganisha majibu. Hakuna pepa wala msimamizi, lakini majibu mawili yako mezani na hayafanani.

Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba alichanganyikiwa, haiwezekani. Akakubali kwa muda. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga alimwambia kwamba wao wanafanya hivyo hivyo kila siku, wanaweka ya moto ili igande haraka. Alipofaulu na kwenda Mkwawa, Iringa, walifika kwenye mada ya joto na kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Safari hii mwalimu akamjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya dunia nzima. Darasa likaliokota hilo neno. Akikosea hesabu, wenzake wanasema hayo ni mahesabu ya Mpemba.

Kwa nini walikuwa na uhakika hivyo? Kwa sababu kwenye karatasi hoja yao inaonekana kamili. Maji ya nyuzi 100 ili yafike sifuri ni lazima kwanza yapite nyuzi 35. Yakifika hapo ndiyo kwanza yako mahali ambapo yale mengine yalianzia. Yatawakutaje? Hili ni jibu ambalo darasa lote lingekubaliana nalo nje ya ukumbi kwa dakika moja, na lingepewa alama zote. Tatizo ni kwamba linachukulia maji kama namba moja, joto lake, basi. Maji halisi yana mizunguko ndani yake, yanapungua kwa mvuke, yana hewa iliyoyeyuka, yanagusa barafu ya kwenye sakafu ya friji na kuiyeyusha. Maji yaliyofika nyuzi 35 yakitokea 100 si lazima yawe sawa na yale yaliyoanza na 35.

Daktari Denis Osborne, mwalimu wa Fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipokuja Mkwawa kutoa mhadhara, Mpemba akasimama akauliza. Wenzake wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne hakuwa na jibu. Alichofanya ni kumuuliza kama kweli alijaribu mwenyewe, na kuahidi kwamba akirudi Dar atalijaribu. Akalijaribu kweli: vikopo vya kioo vyenye maji sentimita za ujazo 70, joto la kuanzia tofauti tofauti, ndani ya friji ya kawaida. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyochelewa kuanza kuganda kuliko yote. Yale yaliyoanza karibu na 90 yakatangulia. Wakamwaga tabaka jembamba la mafuta juu ya maji kuzuia mvuke, na bado mvuke peke yake haukutosha kueleza. Wawili hao wakachapisha makala mwaka 1969 kwenye jarida la *Physics Education*, Mpemba akieleza ya kwake na Osborne ya kwake.

Kuna kipande kimoja kwenye simulizi ya Osborne nakipenda kuliko vyote. Fundi wa maabara aliyepewa kazi ya kurudia jaribio alileta taarifa kwamba ya moto imetangulia kuganda, na akaahidi kwamba watarudia mpaka wapate jibu sahihi. Huyo fundi ni sisi sote. Ni yule kijana anayefuta 9.78 na kuandika 9.8.

Msitoke hapa mkidhani kesi ilikwisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kulieleza jambo hili, wakapokea maelezo zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wao wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto yanatangulia, na kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini unaweza kupata jibu unalolitaka. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, Kanada, wakaonyesha kwenye *Nature* kitu cha aina hiyo hiyo, safari hii si kwa maji bali kwa chembe ndogo sana ya kioo inayosukumwa ndani ya maji, ambako kila kitu kinaweza kudhibitiwa. Zaidi ya miaka 50, wanalinganisha majibu tu. Mpemba mwenyewe alikwenda kusoma Mweka, chuo cha wanyamapori pale Moshi, akafanya kazi ya maliasili.

Jibu lile lile, alama nyingine

Sasa turudi kwenye mtihani, maana kuna jambo moja ambalo ubishi wa mwarobaini haulifikii. Watu wakibishana "umepata ngapi", wanachukulia kwamba jibu likishajulikana, alama imejulikana. Mwaka 2013 nchi nzima ilijifunza kwamba hizo ni hatua mbili tofauti.

Shule za kata zilikuwa zimeongezeka kwa kasi: mwaka 2004 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291, mwaka 2009 zimepita 4,000. Nyingi hazikuwa na maabara, na mwalimu wa Fizikia alikuwa bidhaa adimu. Wanafunzi wa shule hizo wakafanya mtihani wa kidato cha nne wa Oktoba 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013: waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa 23,520, na waliopata sifuri walikuwa 240,903. Nilikuwa nimeingia kidato cha nne mwezi mmoja tu kabla. Nakumbuka Hedaru nzima, kuanzia stendi hadi sokoni, kila mzazi anamuuliza mwenzake "wa kwako je?" kwa sauti ya chini.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, mwenyekiti wake Profesa Sifuni Mchome. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba mwaka huo ulitumika utaratibu mpya wa mipaka ya madaraja isiyobadilika, tofauti na miaka ya nyuma ambapo mipaka ilikuwa ikirekebishwa kulingana na hali ya ufaulu, na wadau hawakuandaliwa vya kutosha kwa mabadiliko hayo. Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34 hivi hadi asilimia 43.

Mwanafizikia analielewa hili haraka, kwa sababu ndiyo habari ya kipimajoto. Zebaki inapanda hadi mahali fulani kwenye kioo, hilo ni tukio. Mistari iliyochorwa pembeni ni uamuzi wa watu. Tuseme kijana kapata 33 na mpaka wa kufaulu ni 35: kafeli. Sogeza mpaka hadi 30: kafaulu. Karatasi yake iko vilevile stoo, wino umekauka miezi saba iliyopita, hajui zaidi wala pungufu ya alivyojua Oktoba. Sisemi kurekebisha mipaka ni udanganyifu. Pepa la mwaka huu likiwa gumu kuliko la mwaka jana, kuacha mstari pale pale ndiko kutakuwa uonevu. Ninachosema ni kwamba maelfu ya vijana waliishi kuanzia Februari hadi mwisho wa Mei wakiamini hawajui kitu, na wengine kati yao walikuja kuambiwa wanajua. Hakuna ubishi chini ya mti ungeweza kuwatabiria hilo. Mwaka uliofuata watu wakaletewa wastani wa pointi badala ya madaraja, kisha mapema 2016 madaraja yakarudishwa. Mistari tena.

Siku hizi NECTA huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, Fizikia ikiwemo. Kama hujawahi kuzifungua, zifungue. Wanaeleza kila swali lilikuwa linataka nini, wengi walikwama wapi, na wanaweka picha za majibu yenyewe kwa mwandiko wa mtahiniwa, zuri na baya. Ni kitu ambacho mtahiniwa wa 1947 asingekiota. Udhaifu wake ni kwamba kinakuja wakati waliofanya pepa hilo wameshatawanyika. Kinawasaidia wadogo zao. Kwa aliyetoka ukumbini leo, aliyebaki wa kumpa jibu ni mwenzake aliye pembeni.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wanaosoma hapa. Pepa la majaribio la mkoa au la shule likiisha, kabla hamjatoa majibu, wapeni vijana kipindi kimoja wabishane mbele yenu kwa Kiswahili. Msiseme nani kapata. Waulize waliotofautiana wote wawili wamefikaje hapo.

Mkitaka pa kuanzia, anzeni na uzi. Kata mita moja kamili, kutoka unaposhikilia hadi katikati ya kijiwe. Kivute kidogo tu pembeni, si zaidi ya upana wa kiganja, ukiachie, uhesabu mibembeo ishirini ya kwenda na kurudi. Kwa Hedaru mnatarajia sekunde 40.2. Anayetumia greviti ya kumi atawaambia ilipaswa kuwa 39.7, mwacheni atoe hoja zake. Na akitokea kundi zima lina 38.2, msihangaike na umbo la dunia: waliachia kijiwe wakasema "moja" badala ya "sifuri", wamehesabu mibembeo kumi na tisa.